Noti ya pauni ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maelezo kuhusu habari iliyochapishwa gazetini mwako hivi karibuni, iliyowatahadharisha wasomaji juu ya noti za zamani za Uingereza. Habari hiyo ilisema kweli iliposema kwamba noti za karatasi za pauni hazipokelewi tena madukani, lakini ikaongeza, kana kwamba ni jambo lilelile, kwamba noti hizo zimekufa na kwamba aliyebaki nazo ahesabu hasara. Hapo yalichanganywa mambo mawili ambayo Waingereza wenyewe huyatenganisha kabisa, na kwa kuwa wapo wasomaji wako wenye noti za aina hiyo ndani ya bahasha na mikoba ya zamani, ama walizoletewa na jamaa ama walizobaki nazo baada ya masomo, mkanganyiko huo unaweza kuwapotezea fedha ambayo bado ni yao.

Mimi naishi Leicester na kazi yangu ni ukeshia dukani, kwa hiyo noti na sarafu hizi hupita mikononi mwangu kutwa nzima, pamoja na maswali ya wageni wanaozishika kwa mara ya kwanza. Nimeona kwamba anayetaka kuielewa pauni hawezi kufika mbali kwa kutazama kiwango cha kubadilishia fedha peke yake. Noti ya pauni ni ahadi iliyoandikwa, na swali la kwanza la kujiuliza ukiishika ni nani aliyeahidi, na ahadi yake inakoma wapi.

Sisemi hivyo kwa mafumbo. Noti yoyote ya Benki Kuu ya Uingereza, upande wenye picha ya mtawala, imeandikwa kwa hati ya mkono maneno ambayo kwa lugha yetu yangesomeka: naahidi kumlipa mwenye noti hii, atakapodai, jumla ya pauni kumi, au ishirini, kadiri noti ilivyo. Chini yake kuna sahihi ya keshia mkuu wa benki hiyo, cheo ambacho sisi makeshia wa madukani hupenda kukitania. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1694, na kwa sehemu kubwa ya historia yake ahadi hiyo ilikuwa na maana ya kushikika, kwa sababu mwenye noti aliweza kuipeleka benki na kudai dhahabu. Uingereza iliachana na utaratibu wa dhahabu mwezi Septemba mwaka 1931, na tangu hapo ukiidai ahadi hiyo utapewa noti nyingine ya kiasi kilekile. Wapo wanaocheka wakiambiwa hivyo, lakini ahadi yenyewe haijafutwa, na ndiyo inayoeleza kwa nini noti iliyoondolewa kwenye mzunguko haifi.

Noti za karatasi ziliondolewa kwa awamu. Ya pauni 5, iliyokuwa na picha ya Elizabeth Fry, mwanamke aliyepigania hali bora za wafungwa, iliacha kuwa fedha halali ya malipo tarehe 5 Mei 2017. Ya pauni 10 yenye picha ya Charles Darwin iliifuata tarehe 1 Machi 2018. Zilizokaa muda mrefu zaidi ni ile ya pauni 20 yenye picha ya mwanauchumi Adam Smith na ile ya pauni 50 yenye Matthew Boulton na James Watt, na hizo zote mbili ziliondolewa siku moja, tarehe 30 Septemba 2022. Kuanzia tarehe hizo keshia kama mimi hana budi kuzikataa, na mteja akinung'unika hana pa kunishtakia. Lakini Benki Kuu ya Uingereza huendelea kuzibadilisha noti zake zote halisi zilizoondolewa, kwa thamani kamili iliyoandikwa juu yake, bila tarehe ya mwisho. Noti ya pauni 20 ya karatasi ni pauni 20 leo, na itakuwa pauni 20 kwa mjukuu wa aliyeiweka kabatini.

Njia za kuzibadilisha zipo kadhaa. Mtu aliyeko London anaweza kwenda kwenye dirisha la benki yenyewe, katika barabara ya Threadneedle, akiwa na kitambulisho. Mwenye akaunti katika benki ya Uingereza aulize kwanza kama benki yake itazipokea noti hizo na kuziingiza kwenye akaunti, na baadhi ya matawi ya Posta nayo hubadilisha kiasi chenye kikomo. Aliye mbali anaweza kuzituma kwa barua, akiambatisha fomu ya benki na nakala za vitambulisho vyake, ila ajue kwamba bahasha ikipotea njiani hasara ni yake. Kwa mtu mwenye noti moja ya pauni 5 usumbufu huo pengine hauna faida, na ni afadhali amsubiri ndugu anayesafiri. Kwa mwenye noti kumi za pauni 50 hesabu ni nyingine kabisa.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu kutolijua kunawanufaisha watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaozunguka wakinunua noti za karatasi kwa bei ya kutupa, wakimwambia mwenye nazo kwamba anasaidiwa tu, kisha wanazikusanya na kuzifikisha London ambako wanalipwa thamani yake yote. Wa pili ni wanaofanya kinyume chake, yaani wanaomlipa mtu kwa noti za karatasi kana kwamba ni za kutumika leo, na mpokeaji huja kugundua mbele ya dirisha la duka la kubadilishia fedha kwamba alichopokea hakibadilishiki pale. Jamaa yangu mmoja aliuza gari kwa fedha taslimu na sehemu ya malipo ilikuwa noti za pauni 20 zenye Adam Smith. Hakuzipoteza fedha hizo, lakini ilimbidi angoje miezi mpaka apatikane mtu wa kuzipeleka, na muda wote huo aliamini ameibiwa. Habari inayosema tu kwamba noti zimekufa inawatengenezea soko watu wa kundi la kwanza, na haimlindi mtu na wale wa pili.

Noti zinazotumika sasa zote ni za plastiki, ile iitwayo polima. Ya pauni 5, ya rangi ya buluu inayoelekea kijani, ilitoka Septemba 2016 ikiwa na Winston Churchill, na mara ukazuka ubishi mkubwa ilipojulikana kwamba plastiki yake ina chembe za mafuta ya wanyama. Wasiokula nyama na waumini wa dini zinazoharamisha mafuta hayo walilalamika, benki ikakusanya maoni, na mwaka 2017 ikaamua kuendelea na plastiki ileile. Ya pauni 10, ya rangi ya chungwa iliyokolea, ilitoka mwaka huo wa 2017, miaka 200 tangu kufariki kwa mwandishi wa riwaya Jane Austen, ambaye picha yake iko nyuma. Ya pauni 20 ni ya zambarau na ina mchoraji J. M. W. Turner, nayo ilitoka Februari 2020. Ya pauni 50 ni nyekundu na ina Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kuvunja misimbo ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na iliingia kwenye mzunguko tarehe 23 Juni 2021, siku ambayo angekuwa na umri wa miaka 109.

Anayetaka kujifunza kuzikagua achukue ile ya pauni 10 kama mfano. Aipitishe kidole juu ya jina la benki upande wa mbele na atahisi wino umeinuka, jambo ambalo mashine za kunakili za kawaida haziwezi kuliiga. Aitazame sehemu iliyo wazi kama kioo, ambayo ndani yake kuna jengo la Kanisa Kuu la Winchester, alikozikwa Austen, lenye rangi ya dhahabu upande wa mbele na ya fedha upande wa nyuma. Pembeni ya dirisha hilo kuna unyoya wa kuandikia unaogeuka kutoka zambarau kwenda chungwa noti inapoinamishwa, na katika kipande cha hologramu neno Ten, yaani kumi, hubadilika kuwa Pounds, yaani pauni, na kurudi tena. Nyuma kuna alama ndogo ya rangi ya shaba yenye umbo la kitabu, ndani yake zikiwa herufi mbili, J na A. Anayeghushi anaweza kuiga moja au mbili kati ya hizi, lakini kuziiga zote kwa pamoja ni kazi ngumu. Ndiyo maana mkaguzi mwenye busara hatosheki na alama moja, na hata ile kalamu maarufu ya kukagulia noti haimsaidii, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi na juu ya plastiki haina maana.

Kwa wasioona kuna mpango ambao naona haujasifiwa inavyostahili. Kila noti ni kubwa kuliko iliyo chini yake, kuanzia milimita 125 kwa 65 kwa ile ya pauni 5 hadi milimita 146 kwa 77 kwa ile ya pauni 50. Aidha, kwenye pembe ya juu kushoto ya noti ya pauni 10 kuna mafungu mawili ya nukta zilizoinuka, ya pauni 20 ina matatu na ya pauni 50 ina manne, wakati ya pauni 5 haina hata moja. Mteja wangu mmoja asiyeona huhesabu noti zake kwa kidole gumba kwa kasi inayonishinda mimi ninayetazama.

Baada ya kifo cha Malkia Elizabeth wa Pili Septemba 2022 ulienea uvumi kwamba noti zenye picha yake zingeondolewa, na bado nakutana na wageni wanaozikataa wakipewa kama chenji. Uvumi huo hauna msingi. Noti zenye picha ya Mfalme Charles wa Tatu zilianza kutumika tarehe 5 Juni 2024, na zinachapishwa tu kuziba nafasi ya zilizochakaa na kukidhi mahitaji yanapoongezeka, huku mapambo na watu walioko nyuma wakibaki walewale. Noti za plastiki za malkia na za mfalme zinatumika bega kwa bega, na zitaendelea hivyo mpaka za malkia zichakae. Wengi hudhani kwamba picha ya mtawala imekuwa juu ya noti za benki hiyo tangu enzi na enzi, kumbe Elizabeth ndiye mtawala wa kwanza kuwekwa hapo, na ilikuwa mwaka 1960. Katika sarafu ndiko desturi hiyo ilikokuwa ya kale, na huko kila mtawala hutazama upande ulio kinyume na aliyemtangulia: Elizabeth alitazama kulia, Charles anatazama kushoto.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya hata wenyeji. Si kila noti ya pauni inayotumika Uingereza imetolewa na Benki Kuu ya Uingereza. Huko Uskoti kuna benki tatu za biashara zenye haki ya kutoa noti zao, nazo ni Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale Bank, na Ireland ya Kaskazini nako kuna benki zenye haki hiyo. Noti zao ni pauni kamili, si fedha ya nchi nyingine, na hazina kiwango cha kubadilishia: pauni 20 ya Uskoti ni sawa na pauni 20 ya London. Ahadi iliyoandikwa juu yake, hata hivyo, ni ya benki iliyoitoa, na mtu akiwa na noti ya zamani ya Uskoti iliyoondolewa ataipeleka kwa benki hiyo, si Threadneedle. Ili ahadi hiyo isiwe maneno matupu, sheria inazitaka benki hizo ziweke dhamana ya thamani yote ya noti zilizoko mikononi mwa watu, na sehemu ya dhamana hiyo huwekwa Benki Kuu kwa noti za pekee zisizotoka nje kamwe, moja ikiwa na thamani ya pauni milioni 1 na nyingine pauni milioni 100.

Pamoja na hayo, makeshia wengi wa kusini huzitazama noti za Uskoti kwa wasiwasi, na baadhi huzikataa. Mgeni aliyetoka Edinburgh na noti zake huona kama ametukanwa. Ni kweli keshia huyo hajavunja sheria, kwa kuwa dhana ya fedha halali ya malipo nchini humu ni finyu kuliko watu wanavyofikiri. Inahusu ulipaji wa deni: mdaiwa akilipa deni lote kwa fedha ya aina hiyo, hawezi kushtakiwa mahakamani kwamba amekataa kulipa. Hailazimishi duka kupokea noti fulani, na ndiyo maana maduka madogo mengi yamebandika karatasi ya kukataa noti za pauni 50, zilizo halali kabisa. Kwa maana hiyo finyu noti za Benki Kuu ni fedha halali ya malipo katika England na Wales tu, na huko Uskoti hakuna noti yoyote yenye sifa hiyo, hata zile za Benki Kuu. Sarafu peke yake ndizo zenye hadhi hiyo, na bado Waskoti hununua na kuuza kila siku bila tatizo. Jambo linalofanya fedha ipokelewe ni imani ya anayepokea, na hapo ndipo mgeni mwenye noti ya benki asiyoijua keshia anapokwama. Ushauri wangu kwa msafiri anayetoka Uskoti kurudi Afrika ni kwamba azitumie noti hizo hukohuko au azibadilishe benki apewe za Benki Kuu ya Uingereza, kwa kuwa maduka mengi ya kubadilishia fedha ng'ambo hayazipokei, na mengine huzipokea kwa kiwango cha chini.

Visiwa vya Jersey, Guernsey na Isle of Man vina noti zake pia, zinazolingana na pauni, lakini hizo hata London ni shida kuzitumia. Sitazieleza zaidi ya hapo.

Kuhusu sarafu na peni habari yako haikugusa lolote, na hapo ndipo wageni huumia kidogo kidogo. Pauni moja ina peni 100, na bei huandikwa ama kwa alama ya pauni mbele ya tarakimu, ama kwa herufi p nyuma yake kwa kiasi kisichofikia pauni, wala alama hizo mbili haziandikwi pamoja. Utaratibu huu ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani. Mpaka tarehe 15 Februari 1971 pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12, hivyo kwamba pauni moja ilitimia kwa peni 240, hesabu iliyotokana na desturi ya kale ya kutengeneza sarafu 240 kutoka kwenye ratili moja ya madini ya fedha. Wazee wetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki iliyofungwa kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni watakumbuka hesabu hiyo. Shilingi ya Uingereza yenyewe haikutoweka siku hiyo ya mwaka 1971, bali iliendelea kupita mikononi kama peni 5 mpaka mwaka 1990, sarafu ya peni 5 ilipofanywa ndogo.

Sarafu zinazotumika ni nane: peni 1, 2, 5, 10, 20 na 50, pamoja na pauni 1 na pauni 2. Mgeni hukosea kwa sababu anafuata ukubwa. Sarafu ya peni 5 ni ndogo kuliko ya peni 1, na ya peni 2 ni pana kuliko ya peni 10, kwa hiyo anayechagua chenji kwa macho kwenye kiganja hutoa kubwa akidhani ndiyo yenye thamani. Afadhali afuate rangi na umbo. Zenye rangi ya shaba ni za peni 1 na 2, na siku hizi ni chuma kilichopakwa shaba, zinanasa kwenye sumaku. Nyeupe za mviringo ni za 5 na 10. Nyeupe zenye pande saba ni za 20 na 50. Zenye rangi mbili ni za pauni. Ugumu uliongezwa na michoro ya mwaka 2008, ambayo ni mizuri kwa sababu sarafu sita zikipangwa pamoja zinakamilisha ngao ya kifalme, lakini ambayo haikuandikwa tarakimu hata moja: thamani iko kwa maneno ya Kiingereza tu. Mtu asiyesoma lugha hiyo atajuaje? Michoro mipya iliyotangazwa mwaka 2023 kwa ajili ya Mfalme Charles, yenye wanyama na mimea ya visiwa hivi kama panya wa miti kwenye peni 1 na nyuki kwenye pauni 1, imerudisha tarakimu, tena kubwa, na kwa hilo nawapongeza waliobuni.

Na swali la nani ameahidi lina jibu tofauti kwenye sarafu. Hakuna ahadi iliyoandikwa juu yake, na hazitolewi na Benki Kuu. Zinatengenezwa na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali kilichoko Llantrisant, Wales. Kwa hiyo utaratibu wa kubadilisha noti za zamani milele hauzihusu. Sarafu ya mviringo ya pauni 1, iliyoanza mwaka 1983, iliacha kuwa fedha halali tarehe 15 Oktoba 2017 baada ya kughushiwa kupita kiasi, hata ikakadiriwa kwamba takriban sarafu 1 kati ya 30 ilikuwa bandia, na nafasi yake ikachukuliwa na ile yenye pande 12 na metali mbili. Mwenye sarafu hizo za mviringo anategemea hiari ya benki za Uingereza, ambazo huzipokea kutoka kwa wateja wao wenye akaunti. Asiye na akaunti hana pa kuanzia. Vilevile sarafu, hata zinazotumika, kwa kawaida hazibadilishwi nje ya Uingereza, na mtu anayesafiri na mfuko wa chenji unaotimia pauni 30 amebeba chuma. Amalize chenji hiyo kabla ya kupanda ndege.

Kuna pia mipaka ya sheria ambayo wafanyabiashara huitaja wakichoka. Sarafu za peni 1 na 2 ni fedha halali ya malipo kwa kiasi kisichozidi peni 20 tu, za peni 5 na 10 hazizidi pauni 5, na za peni 20 na 50 hazizidi pauni 10, ilhali za pauni 1 na 2 hazina kikomo. Mpangaji anayedhani atamkomoa mwenye nyumba kwa kumlipa kodi kwa ndoo ya peni atakuta sheria haiko upande wake.

Kwa hayo yote, Mhariri, ombi langu ni kwamba gazeti lako lichapishe masahihisho ya ile habari, likieleza waziwazi kwamba noti za karatasi za Benki Kuu ya Uingereza hazinunui kitu dukani lakini thamani yake inalipwa na benki iliyozitoa, na kwamba sarafu haziko katika utaratibu huo. Ombi la pili ni dogo. Katika jedwali lenu la viwango vya kubadilishia fedha pameandikwa pauni tu, ilhali Misri, Sudan na Sudan Kusini nazo zina pauni, na thamani zake zimeachana mno na ya Uingereza. Andikeni jina la nchi mbele yake, na kama nafasi inaruhusu, elezeni pia kama kiwango kilichotajwa ni cha kununua au cha kuuza, kwa kuwa jedwali la sasa halisemi.

Jina langu kamili na anwani nimeviambatisha kwa matumizi ya ofisi yako. Naomba visichapishwe.

Wako mtiifu,
Msomaji, Leicester, Uingereza